Kidole cha Mwanasha na maji ya udhu

Kosa la wengi wetu ni hili: ugonjwa usioonekana kwa macho tunautafutia mchawi.

Mpwa wangu Mwanasha alikuwa akilia kila alfajiri, maji ya udhu yakigusa kidole chake cha pete. Hakikuvimba, wala hakikuwa na jeraha.

Nyumbani wakasema ana pepo asiyetaka swala. Akachezewa ngoma ya kupunga pepo. Pepo akapanda, na kwa kinywa cha Mwanasha akamtaja aliyemtuma: Bi Mejumaa, jirani yetu, mjane.

Bi Mejumaa hakusalimiwa tena. Akahamia Taru, mbali na kwetu.

Leo nimemsindikiza Mwanasha hospitali, hapa Msambweni, akapasuliwe kidole. Daktari alikuwa ameugundua ugonjwa kwa ncha ya pini tu: alibonyeza mahali pamoja juu ya ukucha, Mwanasha akaruka.

Leo amemtia ganzi, akauondoa ukucha, akatoa kivimbe chekundu, kidogo kuliko punje ya mchele. Ni mishipa midogo ya damu iliyojikusanya, nayo huchukia baridi. Ni ugonjwa wa nadra.

"Ndicho hicho tu?" Mwanasha akamuuliza daktari.

"Ndicho hicho, mama. Maji hayatakutesa tena."

Nilidhani atafurahi. Alikitazama kwenye kisahani, kisha akaniuliza polepole:

"Mjomba, aliyemtaja Bi Mejumaa kwa kinywa changu alikuwa nani?"

Nyinyi mngemjibu nini?

Bi Mejumaa alifia hukohuko Taru, akazikwa na wasiomjua.

Kama kwenu yuko mtu ambaye kidole humuuma akigusa maji baridi, mpelekeni hospitali leo, kabla hajatajwa mtu.