Ugali wa Mbwa Wetu

Mbwa wetu alikula ugali. Nalisema hilo mapema, ili anayetaka kunisikitikia anisikitikie sasa tuendelee. Siku hizi nikiingia duka la chakula cha mifugo, muuzaji huniuliza kama nataka cha mbwa chenye nafaka au kisicho na nafaka, kisha hushusha sauti na kuniambia kwamba kisicho na nafaka ndicho wanachonunua watu wanaojali. Mimi huchukua chenye nafaka. Jambo hili nililipigania nikiwa na miaka kumi na mitano, katika mtaa wa Kaloleni jijini, na sina nia ya kulipigania tena mbele ya rafu.

Mbwa huyo alikuwa jike mwekundu, sikio moja limesimama na lingine limelala. Nilimwokota akiwa mdogo nyuma ya ukumbi wa mtaa. Mama alinung'unika wiki nzima, halafu akaanza kumtengea ukoko. Anayejua nyumba za watu wa kwetu, magharibi ya nchi, anajua hiyo ni heshima gani, kwa sababu ukoko wa ugali kwetu ulikuwa kitu cha kupigania. Mama aliuloweka kwa maji aliyochemshia omena, dagaa wa ziwani, akauponda kwa mwiko, akaumimina kwenye sahani ya bati iliyobonyea. Mbwa alikula hivyo miaka miwili. Alfajiri alinisindikiza hadi bombani, na hakuna mtu aliyenisemesha ovyo njiani.

Kisha, mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, akaanza kunyonyoka manyoya mgongoni. Alijikuna mpaka ngozi ikawa nyekundu. Baba alikuwa karani wa reli na mzee wa kanisa, na wageni wa kanisa walikuja kwetu kila Jumapili. Hakupenda wamkute mbwa mwenye upara mlangoni.

Hapo ndipo jirani yetu alipoingia. Alikuwa dereva kutoka Ukambani, mtu mwema, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko vya baba. Aliendesha gari la tajiri mmoja upande ule wa jiji wenye miti na malango marefu. Kila jambo la maisha alilipima kwa nyumba ya tajiri wake: namna ya kunywa chai, namna ya kukunja gazeti, na sasa namna ya kulisha mbwa. Jioni moja alisimama kwenye baraza letu, akamtazama mbwa, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii mbwa mnaiua na ugali," alimwambia baba. "Mahindi ni ya kuku. Kwa mdosi wangu kuna mbwa sita, manyoya yanateleza kama sufi. Wanakula nyama peke yake. Mimi nimeona na macho yangu."

Baba aliamini mambo mawili bila kuuliza: mahubiri ya mchungaji wake, na chochote kilichofanywa na watu wenye malango marefu. Siku hiyo hiyo akapiga marufuku ugali kwenye sahani ya mbwa. Nyama tu. Manyoya yasiporudi kabla shule hazijafunguliwa, alisema, angemwita mtu wa sindano. Wote mtaani tulijua sindano hiyo ilifanya nini.

Mama aliacha kupepeta mchele. "Nyama? Watoto wangu wanaiona Jumapili, na huyu aione kila siku?"

Baba alinituma buchari niombe mapafu. Siku nyingine nilipata, siku nyingine nilirudi na mfupa mtupu. Kiganja kimoja cha mapafu kwa mbwa aliyezoea sahani nzima ni dhihaka, na mbwa aliielewa vizuri. Alikonda, mbavu zikaanza kuhesabika. Wiki ya tatu aliruka kizingiti cha nyumba ya pili na kuinamia sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyokuwa ikipoa sakafuni. Hakubakisha punje.

Nilitaka kucheka, lakini mwenye githeri alikuwa amesimama mbele ya baba mikono kiunoni. Baba aliomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Alipoingia ndani, alisema hatungoji shule zifunguliwe. Sindano ingekuwa Jumatatu.

"Imeshazoea nafaka," dereva alieleza kwa huruma. "Ni kama mlevi." Halafu, kwa kuwa kweli alikuwa mtu mwema, akaongeza kwamba Jumamosi tajiri wake angekuwa na wageni na mabaki yangekuwa mengi. "Msichana aje na mkebe. Nitamsaidia abebe. Labda Mungu atafanya kitu."

Jumamosi asubuhi nilivaa gauni la kanisani, nikachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaenda naye. Tulipofika, dereva alichukua kitambaa chake na kwenda moja kwa moja kwenye gari. Mimi alinionyesha njia ya kupitia nyuma ya nyumba. "Uliza mpishi," alisema. Yeye mwenyewe hakusogea hata hatua moja kuelekea huko.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mpishi alikuwa mzee mwenye aproni nyeupe, na mbele yake kulikuwa na sufuria kubwa kuliko zote tulizotumia kwenye matanga. Alikuwa anasonga ugali kwa mwiko ulionifika kifuani. Nilimwamkia, nikamuuliza kama wageni ni wengi kiasi hicho.

"Wageni gani?" aliniuliza, na kwa lafudhi yake nikajua ni mtu wa kwetu. "Hii ni ya mbwa. Ugali, na mchuzi wa mifupa juu. Kila siku ya Mungu, miaka kumi na moja."

Nilimwambia nimesikia wanakula nyama peke yake.

"Nyama wanarushiwa na mwenye nyumba pale mbele akiwa na wageni wake, vipande viwili, vitatu. Anapenda kuwaona wakidaka." Alifuta jasho. "Huko mbele wanaonekana wakicheza. Kula wanakula hapa."

Nilielewa kila kitu pale pale. Dereva wetu alifanya kazi miaka yote hiyo kati ya lango na gari, na kati ya lango na gari ndiko nyama ilikorushwa. Jikoni hakuwahi kuitwa. Nilipandwa na hasira kwa ajili ya mbwa, kwa ajili ya mama, hata kwa ajili ya dereva mwenyewe. Niliuinua mkebe wangu. "Nijazie hiyo," nilimwambia mpishi. "Nyama sitaki."

Jioni baba na dereva walikuwa barazani wakinywa chai. Nilifungua mkebe na kuuweka juu ya stuli, katikati ya vikombe vyao.

"Ni nini hii?" baba akauliza.

"Chakula cha mbwa wa mdosi. Ugali. Wanapikiwa kila siku. Huyu hajui kwa sababu hajawahi kufika jikoni."

Niliita mtu mzima "huyu" mbele ya baba yangu, na nilikusudia.

Baba alimgeukia dereva. "Wewe umewahi kuona wakilishwa?"

Dereva aliangalia viatu vyake. "Mimi nakaa kwa gari, mzee," alisema.

Baba angeweza kukubali. Badala yake alinitazama mimi. "Mtoto hasemi na wakubwa hivyo. Omba msamaha."

"Sijakosea."

"Basi leo huli."

Mama alisikia yote akiwa mlangoni. Aliingia ndani, akatoka na sahani yangu iliyokwisha kupakuliwa, ugali na omena zake, mvuke bado unapanda. Alipita katikati ya wanaume wawili bila kuomba njia, akainama, akaiweka mbele ya mbwa.

"Chakula changu hakitupwi," alisema.

Jumatatu baba alikwenda kazini na mtu wa sindano hakuitwa, wala Jumatatu iliyofuata. Manyoya yalirudi polepole, ikapita miezi mitatu. Huenda ni ugali. Huenda ni majivu na sabuni ambavyo mama alimwogeshea kila Jumamosi tangu siku hiyo. Dereva aliendelea kusema ni yale mapafu, na kila aliposema nilimkatalia.

Lakini usiku ule nilikuwa bado sijui Jumatatu ingeleta nini. Nilikuwa nimelala njaa, nikisikiliza sahani yangu ikisukumwa kwa ulimi barazani mpaka ikagonga ukuta. Sikuomba msamaha. Baba alishazikwa, na bado sijaomba.