Mto wa Ukutani

Mama yangu alishuka kwenye baiskeli ya abiria, kabaza, mbele ya nyumba yetu, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akashusha valizi yake mwenyewe, akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. Kisha akaangalia nyuma yangu, kushoto, kulia, na nyuma yangu tena. Tulikuwa hatujaonana miaka sita. Nilikuwa nimeshafungua mikono nimkumbatie.

"Mto iko wapi?" akauliza.

Nilidhani ni uchovu. Mtu aliyetoka kwetu Bukavu, akavuka ziwa, akavuka Tanzania nzima kwa mabasi, ana haki ya kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nikamwambia aingie ndani apumzike, maji ya kuoga nitayachemsha. Hakusogea. Alifungua Biblia yake, akatoa picha, akaisimamisha mbele ya pua yangu.

"Hii foto njo ulinitumiaka. Mto iko wapi?"

Katika picha nilikuwa mimi, nimevaa gauni la buluu nililolishona kwa mkono wangu, nimesimama kando ya mto mpana. Nyuma yangu kulikuwa na mashua, nyumba zilizochorwa maua ukuta mzima, kanisa jekundu, msikiti wenye paa la ngazi tatu, na hekalu la Wachina lenye majoka juu ya mapaa. Nilikuwa nacheka kama mtu aliyezaliwa hapo.

Sasa nieleze. Miaka ile, mwanzoni mwa elfu mbili, mume wangu alikuwa na kamera na mimi nilikuwa na cherehani, na kati yetu tulikuwa na studio, yaani ukuta mmoja wa nje wa nyumba yetu, upande wa nyuma. Mimi nilishona koti, tai na magauni ya kuazimisha wateja. Yeye alipiga. Filamu ikijaa aliipeleka Lilongwe kusafishwa. Siku moja alirudi na karatasi kubwa ya plastiki iliyoviringishwa, aliyoinunua katika duka la Mchina tulikokuwa tunapata nyuzi na zipu. Tuliibandika ukutani kwa misumari, na ilipofunguka mpaka chini nilipiga kelele. Mji mzima uliingia uani kwetu, na maji yake.

Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa amemweleza mume wangu kwamba huo ni mji wa Malaka, huko Malaysia, na ndiko kwao. Alimweleza kila kitu, na mimi nikamfanya mume wangu anisimulie mara tatu. Nilikaa naye nikiuliza: huo msikiti ni wa nani? Wahindi waliujenga. Hilo kanisa? Waholanzi. Na hawapigani? Hawapigani, barabara moja ina hekalu na msikiti, na wakitoka kusali wanakula mezani pamoja. Nilishangaa, kwa sababu kwetu watu wa kanisa moja, lugha moja, walichinjana.

Basi nikawa kiongozi wa wageni katika mji nisioujua. Mteja akija namsimamisha: hapa uko darajani, mama, hapa uko mlangoni kwa Wachina, usicheke sana, wewe kijana mwenye tai, sogea kanisani. Warundi, Wanyarwanda, Wakongo wa Fizi, wote waliutembelea ule mji. Jumapili kulikuwa na foleni. Picha zilikwenda kwa ndugu mkono kwa mkono, na nyuma yake watu waliandika salamu tu, tuko wazima, Mungu ni mwema. Desturi yetu ilikuwa hiyo. Nani angeandika "hii ni karatasi"? Tulidhani kila mtu anajua. Studio za Bukavu nazo zina mapazia yenye maua.

Lakini Mama hakujua. Kwake, binti yake yuko Malawi, na Malawi ndiyo hii iliyo kwenye picha. Aliionyesha kanisa zima. Na sasa, akiwa bado amesimama uani kwangu, aliniambia jambo jingine: nyumba yake ya Bukavu, ile tulimozaliwa wote, ameshamwachia shemeji yake na watoto wake. Wanawake wa kanisa walimsindikiza kwa nyimbo mpaka kivukoni. Hakuwa mgeni wa wiki mbili. Alikuwa amehama.

Mimi ni mwepesi wa kukasirika na mzito wa kukiri. Ningesema ukweli pale pale, yangekwisha. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mto uko Lilongwe, Mama. Sisi hapa tuko pembeni kidogo ya mji."

Mume wangu, aliyekuwa akifuta kamera mlangoni, aliinua kichwa akanitazama kama amekuta nyoka kitandani. Kisha akaenda kimya kimya nyuma ya nyumba, nikasikia misumari ikitoka mmoja mmoja. Aliuviringisha ule mji, akauficha chini ya godoro letu.

Siku tano Mama alikaa akisubiri mto. Alikula nsima, ugali wa huku, bila kulalamika, alichota maji kwenye bomba na wanawake wengine, na kila asubuhi aliuliza, "Leo tunaenda kuona muji?" Siku ya sita sikuwa na kisingizio tena. Akavaa kitenge chake cha Pasaka na kofia, akaichukua Biblia yake na picha ndani yake, tukaondoka.

Tulipopita Kanengo, penye maghala ya tumbaku, harufu yake ikaingia garini, akafunika pua. "Hapa bado," nikamwambia. Tulishuka mji wa zamani wa Lilongwe, na hapo nilianza kazi ya uongozi kwa jasho. Nilimpeleka kwenye msikiti. Akainua picha, akaulinganisha.

"Paa haifanane."

"Wamejenga upya, Mama."

Nikampeleka kwa Wahindi, kwenye maduka ya vitambaa, nikampitisha kwenye nyumba yao ya ibada. Hapo alifurahi kidogo, akanusa ubani, akawasalimu wanawake wenye sari. Watu kweli walikuwa wengi wa kila aina: Wayao wenye kofia za kufuma, Wachina, Wahindi, Wakongo wenzetu wanaouza maharagwe, Warundi. Kwa nusu saa hivi niliona labda nitapona. Nikajidanganya kwamba mji ni mji.

Kisha tukafika mtoni. Mto Lilongwe, karibu na soko, miezi ile ya kiangazi, ulikuwa maji ya kahawia yanayofika gotini. Watu walikuwa wametengeneza madaraja ya mbao na magogo. Wanaume walikuwa wanaosha magari. Mifuko ya plastiki ilikuwa imenasa kwenye majani kote kote. Mama alisimama katikati ya daraja, mbao zikicheza chini ya viatu vyake vya kanisani, akatazama juu ya mto, akatazama chini, akatazama picha.

"Na mashua?"

"Zinakuja mvua ikinyesha."

Nilijishangaa. Sikuwa nimejua kwamba ndani yangu kuna mwongo wa kiwango hicho. Nilitamani daraja livunjike, nianguke, nivunjike mguu, yaani kitu chochote kitokee kibadilishe mazungumzo. Mama aliirudisha picha ndani ya Biblia, taratibu, na hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga kofi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia katika lile duka la nyuzi la Mchina. Nilikuwa nimeishiwa nyuzi nyeupe, na kwa upumbavu wangu nikasema tupite dakika mbili. Sikufikiri. Mwenye duka alitusalimu kwa Kichewa, akamwita Mama "mayi", yaani mama, akampa kiti. Nilipokuwa nachagua nyuzi, niligeuka nikamkuta Mama ameitoa picha, anamwonyesha, kwa heshima kabisa, kama anavyoulizwa mwenyeji njia.

Yule mama alivaa miwani. Akaweka mkono mdomoni.

"Kwathu!" akasema. "Kwathu!"

Ni Kichewa, maana yake kwetu. Mama hakijui Kichewa, lakini neno lile alilielewa, nililiona likiingia usoni mwake. Mwenye duka alikuwa anagusa picha kwa ukucha: nyuma ya nyumba hii yenye maua, nyumba ya tatu, ndipo alipozaliwa. Akanigeukia akiwa amefurahi mno. Nilikwenda lini? Nilikula wapi? Daraja bado lipo?

Aliniangalia, akaangalia gauni langu la buluu ndani ya picha, na nikaona akielewa. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuficha, na hakujua kuna cha kufichwa. Alipanda kwenye stuli, akashusha karatasi iliyoviringishwa kutoka rafu ya juu, akaifungua juu ya meza ya duka ili Mama auone mji wote vizuri. Mto ukatoka kidogo kidogo, mashua, kanisa, msikiti, majoka. Ulipofika ukingo wa meza ukaning'inia.

Mama aliuweka mkono wake juu ya maji. Aliupapasa. Alipindua kona akaangalia nyuma: kulikuwa kweupe.

Akakaa sawa kwenye kiti, akavua kofia, akaishika magotini.

"Muulize," akaniambia. "Tangu lini hajarudia kwabo?"

Nikauliza. Yule mama akasema tangu alipoletwa hapa na mumewe, akiwa msichana. Zile karatasi alizileta auze, na zote zimekwisha. Hii ya mwisho hauzi.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akasema "zikomo," yaani asante, neno pekee alilokuwa amejifunza, tukatoka.

Garini, tukirudi, alitazama dirishani mpaka Lumbadzi. Nikasema nisamehe. Nikasema tena, akaendelea kutazama nje, na mimi, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, nikalipuka. Nikamwambia nani alimtuma atoe nyumba? Nani anahama kwa sababu ya picha? Mtu na elimu yake! Niliongea mpaka abiria wakageuka. Ninapokumbuka bado naona aibu, naisikia masikioni.

Mama akangoja nimalize.

"Mdogo wako ameisha kufunga mizigo," akasema. "Na batoto babili. Alisema Mama atangulie aone, akisema ni vizuri, nakuja."

Hapo ndipo nilipochoka kweli. Mdogo wangu, na watoto wake, na njia yote ile ya ziwa na mabasi na askari wa mipakani, kwa ajili ya mto wa plastiki ulioko chini ya godoro langu.

Asubuhi yake, baada ya mimi kumwambia ulipofichwa, Mama ndiye aliyeingia chumbani kwetu, akainua godoro na kutoa ule mji mwenyewe. Akamwambia mume wangu aupigilie ukutani. Mimi nikadhani amekasirika mpaka anataka kuuchoma mbele ya watu. Lakini alichukua kiti, akakiweka mbele ya mto, akaketi. Hakuvaa kofia. Alivaa kanga ya nyumbani.

"Piga," akamwambia mkwewe. "Lakini rudia nyuma."

Mume wangu akarudi hatua.

"Tena."

Akarudi. Sasa misumari ilionekana.

"Tena, baba. Tena."

Alirudi mpaka mgongo wake ukagusa choo cha jirani. Kutoka hapo kamera iliona kila kitu: karatasi na kingo zake zilizochanika, matofali ya udongo, paa la nyasi lililowekewa mawe, sufuria nyeusi, cherehani yangu, mlango uliokuwa wazi, kamba ya nguo. Nguo zenyewe zilikuwa za ndani na mashuka yaliyotobolewa na moto wa pasi. Nikakimbia kuzianua. Aibu ina mipaka.

"Wacha manguo," Mama akasema bila kugeuka. "Kuja usimame hapa. Aone hata wewe."

Nikasimama kando yake na mikono yangu yenye chaki ya kushonea. Mume wangu akapiga. Picha ilipotoka Mama aliandika nyuma kwa mwandiko wake wa shule ya masista: mto ni karatasi, nyumba ni hii, usitoe kitu chochote, ubakie. Tukampa muumini aliyekuwa anaenda Kigoma, ili itoke huko mpaka Bukavu kwa mdogo wangu. Mama hakurudi Bukavu. Shemeji yake alikuwa ameshapangisha hata chumba chake. Alibaki nasi, akalala chumba kimoja na nguo za studio, na kwa miezi mingi alinisemesha mambo ya chumvi na maji tu. Nilistahili.

Karatasi tuliiacha ukutani, kwa kuwa wateja walikataa iondolewe. Ila niliacha kuongoza wageni. Kila mteja nilimwambia: andika nyuma kwamba ni karatasi. Wengine walinicheka.

Mvua ilipoanza, jioni moja kabaza mbili zilisimama uani. Kwenye moja alikuwa mdogo wangu na mtoto mgongoni, kwenye nyingine binti yake mkubwa na furushi. Wamelowa chapachapa. Nilimwona nikaanza kulia na kugomba kwa pamoja. Picha haikufika? Hukusoma? Mama alikuandikia ubaki! Mama mwenyewe alikuwa ametoka mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Mdogo wangu akaitoa. Alikuwa ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, kifuani. Ilikuwa ni ile ile, Mama kitini na mimi na chaki zangu.

"Nilisoma," akasema. "Mto ni karatasi, hata mimi nilionaka misumari." Kidole chake kilipita mto, kikampita Mama, kikanipita mimi, kikasimama pembeni ya picha. "Angalia. Manguo iko inje, mlango iko wazi, na hakuna mutu analinda. Kwetu nani anaachaka mlango wazi?"

Mume wangu alimpokea mtoto, nikamvua nguo zilizolowa, nikaziweka kwenye beseni. Mama alichukua kamba ya katani nyuma ya nyumba, akaenda kwenye mvua kufunga kamba ya pili ya kuanikia.