Sema Unachokiona

Tangu presha ya macho inipofushe, miaka tisa sasa, nimechoka na watu wa kunisimulia mambo. Mtu anakushika mkono pale stendi bila kuombwa, anaanza: "Mzee, hapa kuna dimbwi, pale kuna ng'ombe, na kuna dada anapita amependeza kweli." Sikumuuliza habari za dada. Anayeona akikutana na asiyeona, palepale anageuka redio, na redio yenyewe haina kitufe cha kuzimia.

Mmoja tu nilimvumilia, naye ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ujana wake aliumalizia kwenye banda la video hapa Sumbawanga, akitafsiri filamu za ng'ambo kwa Kiswahili, maikrofoni mkononi, watu wamebanana kwenye mabenchi. Lugha za filamu zenyewe hakuzijua. Alitazama picha, akatunga. Jambazi wa ng'ambo, kwa tafsiri ya mdogo wangu, alikuwa na mke wa pili kule Izia, na polisi walimkimbiza kwa sababu ya mpaka wa shamba la ulezi. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Nilipopofuka alihamishia kazi hiyo sebuleni kwangu. Kila Jumapili baada ya misa alikuja, tukawasha runinga, akanitafsiria. Nilijua anatia chumvi. Niliipenda chumvi yake.

Filamu tuliyoitazama kuliko zote ilikuwa ya kwetu wenyewe, video ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu. Aliolewa na kijana wa Milepa, wa familia ya wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa wakahamia huko. Asubuhi ya sherehe binti aliniletea miwani myeusi, akaniomba niivae. Nilikataa. Jicho langu la kulia limekuwa jeupe na la kushoto linazunguka lenyewe, ndivyo ninavyoambiwa, lakini ni macho yangu. Nilimwambia mimi si mwizi wa kujifichaficha mbele ya wakwe. Akaichukua miwani yake, nami nikadhani tumeelewana.

Ukumbini nilipewa maikrofoni nitoe neno la baba. Nilisema: "Mwanangu, huko unakokwenda waheshimu watu wa huko, lakini usiionee haya nyumba uliyotoka." Vigelegele vilipigwa mpaka nikalazimika kusubiri. Neno hilo nililipanga wiki nzima, na sijawahi kusema jingine zuri kama hilo.

Kila video ilipofika hapo, mdogo wangu alishusha sauti kama yuko kanisani. "Hapo sasa kaka umesimama. Suti yako ya kijivu imekukaa. Binti ameinamisha kichwa. Mama mkwe wake huyo, anafuta machozi." Nami nikiwa kwenye kochi nilijitazama kwa njia hiyo. Niseme ukweli, nilijivuna. Nilijua siku moja nitakufa, na wajukuu watakaa Milepa wanitazame nimesimama wima, nikimbariki mama yao. Ni hicho tu nilichokitaka kwenye ile video.

Mwaka huu wakaja watu wa fulana, wa shirika fulani. Walitukusanya wasioona wa mjini na wa vijijini kwenye ukumbi mmoja, siku mbili, watuonyeshe filamu zenye sauti ya maelezo. Yaani wahusika wakinyamaza, kuna mtu amerekodiwa akieleza kinachoonekana. Walitugawia soda na hizo fulana. Walitupiga picha, wakatuambia tutabasamu, picha ambazo sijui walitaka tuzione lini. Baridi ya Juni ilikuwa inaingia kwenye madirisha yasiyofungika, na bwana mmoja alikuwa anatusomea hotuba ndefu kuhusu furaha yetu.

Filamu ikaanza. Sauti ilikuwa ya mwanamke, kavu kama kiporo cha ugali. "Mwanamke anafungua mlango. Anatazama kitanda. Kitanda hakina mtu. Anafunga mlango." Basi. Hakusema kama amehuzunika, hakusema kama mume ametoroka. Nilikaa nikisaga meno mpaka mwisho, halafu nikasema kwa sauti, bila kunyoosha mkono, kwamba hata mtoto wa chekechea angesimulia vizuri zaidi.

Kumbe mwenye sauti alikuwepo. Akaja mpaka kwenye kiti changu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," nikajibu kwa shida. Nikamwambia maelezo yake hayana chumvi, na kwamba mdogo wangu, ambaye hakusomea popote, angemfunga magoli kumi.

Hakukasirika. "Mzee, mimi nasema ninachokiona. Kuhuzunika ni kazi yako."

Jibu hilo liliniudhi kuliko filamu, maana lilikuwa zuri.

Kesho yake nikaenda na fleshi yenye video ya sendofu mfukoni. Nilitaka kumkomesha. Nilitaka aisimulie sherehe yangu kwa ukavu wake ule, ajisikie mwenyewe anavyoua raha. Wakati wa chakula aliichomeka kwenye kompyuta yake, akaanza. "Ukumbi. Mapambo ya zambarau. Bibi harusi anaingia, yuko na msindikizaji mmoja." Nilikuwa nacheka chini chini. Ikafika sauti yangu kwenye maikrofoni, na yeye akasimamisha video.

"Endelea," nikamwambia.

"Mzee, hiyo sauti si ni ya kwako?"

"Ya kwangu. Niambie nimesimamaje."

Akarudisha nyuma, akaangalia tena. "Kuna mwanamume mrefu, amenyoa ndevu, amevaa suti nyeusi. Amemshika bibi harusi mkono. Anatazama kamera. Midomo yake haichezi."

Mimi si mrefu, na ndevu sijanyoa tangu nipofuke. Mrefu ni mdogo wangu.

"Na mimi niko wapi?"

"Pembeni kushoto kuna mkono. Una koti la kijivu, umeshika maikrofoni. Zaidi ya hapo sikuoni, mzee."

"Mama mkwe analia?"

"Yule mama wa meza ya mbele? Anakula."

Nilimchukia yule mwanamke kwa dakika kadhaa, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Halafu chuki yangu ikamkumbuka mwenyewe, mdogo wangu.

Sikungoja Jumapili. Nilipanda bodaboda mpaka sokoni, anakouzia mahindi, nikamuuliza mbele ya magunia yake. Kwanza akatunga, kama kawaida. Kamera ilikuwa mbovu, umeme uliyumba, mpiga picha alikuwa amekunywa.

"Acha kutafsiri," nikamwambia.

Hapo akahamia Kifipa, kama anavyofanya tangu utotoni akibanwa, akasema yote. Binti yangu ndiye aliyemvuta mpiga picha pembeni, akamwomba asinichukue, kwa kuwa macho yangu yangewashtua watu wa Milepa. Ndiye aliyemwomba baba yake mdogo asimame pale kwa ajili ya picha.

"Ningekwambiaje, kaka? Ulikuwa unafurahi sana."

"Nilikuwa nafurahi kama mjinga."

"Lakini ulikuwa unafurahi."

Nikamwambia asikanyage tena sebuleni kwangu. Alinifuata mpaka kwenye bodaboda akiniita, nami nikamwambia dereva aondoe.

Njiani ndipo nilipomkumbuka mjukuu wangu. Ana miaka minne, mtoto wa kike, msemaji sana. Pasaka alipoletwa kusalimia alipita magotini pangu, akamkimbilia mdogo wangu huku anapiga kelele, "Babu wa kwenye tivii!" Mdogo wangu alicheka haraka haraka, akabadilisha mazungumzo. Mimi nilidhani mtoto ameyaogopa macho yangu, nikamsamehe. Wala hakuniogopa. Alikuwa hanijui.

Binti alikuja Agosti na mtoto wake, mahindi yakiwa yameshaingia ndani. Sikumgusia kitu. Nilikula ugali wa ulezi aliousonga, nikamsifu, nikauliza habari za mume na za ng'ombe. Baada ya chakula cha mchana nikamwomba aiwashe ile video anitafsirie, maana baba yake mdogo siku hizi ana kazi nyingi.

"Si tumeshaiona sana, baba?"

"Washa."

Akawasha. Alisimulia mapambo, akasimulia keki, akasimulia shangazi zake wakicheza, vizuri tu. Ikaingia sauti yangu.

"Hapo umesimama, baba," akasema kwa upole. "Umevaa suti ya kijivu. Umependeza."

"Sema unachokiona."

Kwenye runinga nilikuwa namwambia asiionee haya nyumba aliyotoka, halafu vigelegele vikapigwa, virefu, tukavisikiliza mpaka vikaisha. Hapo akaanza kulia. Aliomba msamaha, akasema kama ningevaa tu ile miwani. Ni kweli, kama ningevaa. Lakini nilikuwa nina hasira, na ukweli wake haukunipunguzia hata kidogo. Nilimwambia machozi yake siyaoni na msamaha atausubiri. Nilitaka jambo moja tu. Arudishe nyuma, na safari hii asinisimulie mimi, amsimulie mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na kikombe chake cha uji.

"Baba, tafadhali. Mtoto hajui chochote."

"Ndiyo maana."

Ilimchukua muda kuipata rimoti, na rimoti ilikuwa mapajani mwake. Sauti yangu ikaanza upya: Mwanangu.

"Babu huyo!" mtoto akasema.

"Huyo ni babu mdogo." Mama yake akamvuta karibu. "Babu yako ni huo mkono hapo pembeni."