Siwezi Kumleta Mama Kwenye Pagale

Siku moja mume wangu alirudi kutoka kazini anacheka peke yake mlangoni. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, na wakati wa msimu alikuwa anarudi na nyuzi za pamba mpaka kwenye nyusi. Akanipa simu hata kabla hajanawa.

"Soma hapo, mama watoto. Soma kwa sauti."

Ilikuwa habari ya umri ambao watu wa nchi mbalimbali wananunua nyumba yao ya kwanza. Miaka yenyewe siikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba kuna nchi watu wanapata wakiwa bado vijana, na kuna nchi nyingine, tena zile tajiri, mtu anafika arobaini bado anapanga. Yeye alikuwa ameshavuka arobaini. Alifurahi utafikiri amepewa cheti.

"Umeona? Hata Wazungu wanachelewa."

"Na hao Wazungu mama zao wako Sola wanawasubiri?" nikamuuliza.

Akachukua ndoo akaenda kuoga. Nilijua nimemgusa penye kidonda, na nilikuwa nimekusudia. Nilikuwa nimechoka.

Kidonda chenyewe kilianza mwaka tuliooana. Mama yake alikuja kutoka Sola, kule Maswa, kutusalimia. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, choo kimoja, bomba moja. Mama alikuja na kuku, karanga, na kidumu cha samli. Alilala usiku mmoja. Asubuhi alipokuwa ananawa uso uani, mwenye nyumba akatoka na kanga yake kifuani akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Huyo mgeni wenu anakaa mpaka lini? Maji yenyewe haya ya mgao." Kiswahili cha mama mkwe si kingi, lakini hicho alikielewa. Alijifuta uso, akakunja vitenge vyake taratibu, akasema amekumbuka ana kibarua cha palizi. Palizi gani mwezi wa saba, jamani!

Mume wangu alimsindikiza mpaka stendi. Aliporudi hakumgombeza mwenye nyumba, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama hatalala tena Bariadi mpaka alale kwangu." Mimi nilidhani ni hasira ya siku moja. Loo! Kumbe mtu amejifunga.

Ukitaka kumwelewa ufike kwanza kwao. Baba yake, ambaye sikumkuta, alikuwa na mji wake kabla ndevu hazijakolea. Walikata miti, wakakandika, ndugu na majirani wakaja kusaidia kuezeka, wakala, wakaondoka, na yeye akawa mtu mwenye kwake. Mgeni akifika anakaribishwa, analala anavyotaka. Mume wangu alikuwa na mshahara, viatu vya ngozi na simu kubwa, lakini akienda Sola alikuwa anakaa kwenye kigoda kama kijana ambaye bado hajatoka kwa baba yake.

Tulinunua kiwanja nje kidogo ya mji. Bei ilikuwa nafuu, na baadaye tukajua kwa nini. Ni ule udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Msingi wa kwanza ukapasuka nao. Tukaanza upya. Msimu wa pamba ukiwa mzuri kuta zinapanda, msimu ukiwa mbaya tunaangalia nyasi zinaota sebuleni. Watoto wakazaliwa, wakaanza shule, mkubwa akamaliza, na sisi bado tunaongea habari ya lenta. Ndiyo maana ile habari ya kwenye simu iliniudhi. Wenzetu wanakopa, wanapewa funguo, siku hiyo wanaandika umri wao. Sasa mume wangu tumhesabie wapi? Siku ya kiwanja alikuwa kijana mwenye mvuto wake. Siku ya msingi wa pili alikuwa ameanza kitambi. Tulipopaua alikuwa na mvi, na alipanda ngazi akashika bati la kwanza kwa mikono miwili, anahema, anacheka. Nilimpenda mno siku ile. Naandika hivi machozi yananitoka.

Baada ya kupaua nikasema tuhamie. Watu wote wanahamia hivyo hivyo, nyumba haiishi. Tuzibe madirisha kwa turubai, tuweke mlango mmoja wenye kufuli, tuingie, mengine tutamalizia tukiwa ndani. Thubutu! Alitaka kwanza madirisha, lipu, dari na vigae. Na chumba cha mama, hicho ndicho kilikuwa wimbo wake. Chumba cha mama kiwe na choo ndani kwa sababu ya magoti yake. Kidirisha kitazame mashariki, maana anaamka mapema. Pembeni ya choo awekewe chuma cha kushikilia anapoinuka. Chuma hicho alikichomelea mwenyewe kiwandani, akakipaka rangi, akakifunga ukutani kabla choo chenyewe hakijafika.

"Mama amezaliwa kwenye nyumba ya tope," nikamwambia. "Atashangaa nini akikuta sakafu haina vigae?"

"Siwezi kumleta mama kwenye pagale."

"Si pagale. Ni nyumba ya mwanaye!"

"Mara ya kwanza aliondoka kwa aibu. Mara ya pili ataingia kwa heshima."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Nilikuwa nagombana na mwanaume aliyekuwa anakosea kwa sababu ya mapenzi, na ugomvi wa namna hiyo hauna mshindi. Kuna siku nilimwita mbishi, kuna siku nilimwita mjinga, na kuna siku nilimwekea tu ugali wake nikaenda zangu kulala.

Mwaka jana, pamba ilipoanza kuingia kiwandani, mama akapiga simu kupitia kwa shemeji yangu wa Sola. Aliomba kuongea na mimi, siyo na mwanaye. "Mwambie mumeo nataka kuja," akasema. "Magoti yanakataa. Mwakani naweza nisipande basi. Nitalala hata kwenye mkeka, mayu, mimi sitaki kitu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyozoea kuniita. Nikampelekea mume wangu maneno yale kama yalivyo. Alijikuna kidevu. Kisha akasema Krismasi. Krismasi tutakuwa ndani, na mama atakuja. Kesho yake akaenda kuagiza madirisha, na mimi, mjinga mwenzake, nikaanza kushona mapazia ya chumba cha mama.

Msimu haukuisha. Aliangukia kazini mchana, pembeni ya mashine. Presha, walisema. Nilimkuta hospitali macho yako wazi lakini maneno hayatoki, mkono mmoja tu ndio ulikuwa na nguvu. Alinishika kidole. Nikamwambia tutahamia wiki hii, baba watoto, hivyo hivyo, wiki hii hii. Akanibana kidole. Alfajiri ya siku ya pili akafariki.

Wala sikupata nafasi ya kulia sawasawa. Simu zikaanza, na kila anayepiga anauliza swali moja: msiba uko wapi? Jamani, sikuwa nimejua kwamba swali hilo linaweza kumkata mtu namna ile. Msiba uko wapi? Kwenye vyumba vya kupanga, ambako uani hapatoshi viti ishirini? Baba mdogo wa mume wangu, kule Sola, alishaamua. Nilimsikia kwa masikio yangu shemeji wa Sola aliponipigia, simu yao imewekwa sauti ya juu: "Mpangaji hana mji. Mtoeni mochwari mje naye Sola moja kwa moja."

Nilipandwa na hasira. Mpangaji! Baada ya yote yale. Lakini kabla sijafungua mdomo, nikasikia mama kwa nyuma anaomba apewe simu. Akaongea Kisukuma, polepole, bila kulia. Alisema mwanaye aliahidi kumpokea kwake. "Basi mwacheni anipokee. Sola tutakwenda, atazikwa pembeni ya baba yake, lakini kwanza atalala kwake na mimi nitalala kwake." Hakuna aliyembishia.

Watu wa Bariadi Mungu awabariki. Asubuhi ile ile majirani wa kule kiwanjani, ambao tulikuwa tunasalimiana nao tu tukienda kukagua matofali, walikuja na mafyagio, majembe na ndoo. Mafundi wenzake wa kiwandani wakatundika mlango. Wengine wakaziba madirisha kwa turubai, wengine wakamwaga kokoto mlangoni ili watu wasikwame kwenye tope la mvua za kwanza. Wanawake wakapanga mafiga nyuma. Mpaka jioni palikuwa na moto, maji, mikeka, na watu wamejaa. Kazi ya siku moja tu! Nilisimama katikati ya sebule isiyo na vigae nikawa natamani nimshike shati nimtikise, nimwambie ona, ona sasa, hivi tu ndivyo ilivyotakiwa.

Mama alifika kabla ya jeneza. Vijana walitaka kumbeba, akakataa, akaingia kwa fimbo yake. Nikampeleka kwenye chumba chake. Alisimama akaangalia kidirisha, kisha akauona ule mkono wa chuma ukutani, umetoka peke yake, chini yake hakuna choo. Akaushika. Akauvuta kidogo, ukakaza. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, tukiwa tumeshikilia chuma kile wote wawili.

Tulimtandikia humo. Lakini gari la maiti lilipokuja na mume wangu akaingizwa sebuleni, mama alitoka amejifunga kitenge, akakaa chini ubavuni mwa jeneza. Nikamwambia, "Mama, chumba chako kiko tayari."

"Nimekiona, mayu. Kizuri. Ila leo nitalala na mwenye nyumba."

Akalala pale pale kwenye mkeka, mkono wake juu ya mbao.

Kulipokucha aliomba maji, akanawa uso mlangoni bila haraka yoyote. Gari la kwenda Sola lilikuwa limeshawashwa, wajomba wanaangalia saa. Hakuwajali. Alirudi ndani, akainama kwa taabu mpaka uso wake ukafika karibu na jeneza, akamwamkia kama unavyomwamkia mtu aliyekulaza kwake.

"Mwangaluka, baba. Nimelala salama. Hakuna aliyeniuliza naondoka lini."

Kisha akashika bega langu, akanyanyuka, akamwambia mwanaye, "Haya. Nimeshalala kwako. Sasa twende kwangu."