Pedali Chini ya Sauti ya Mama

Kanisani kwetu, nje kidogo ya Njoro, anayeanzisha wimbo hapewi noti. Anaanzia popote koo lake lilipoamkia, na ni kazi ya mpiga kinanda kumtafuta. Ndiyo maana naithamini pedali ya sauti kuliko vitufe vyote vya kile kinanda cha umeme. Nikikanyaga kwa kisigino, kinanda kinanyamaza, namtafuta mwimbaji bila mtu kusikia ninapokosea. Nikishampata, nasukuma kwa vidole vya mguu, sauti inapanda polepole, na waumini wanadhani tulipanga.

Kwa miaka mingi mwanzishaji wetu alikuwa mama yangu. Uzeeni alianza vizuri, lakini kufikia ubeti wa tatu sauti yake ilikuwa imeshuka chini ya noti aliyoanzia, nami nikadhani hajui. Basi nikawa namfuata. Kila aliposhuka nilizima kwa kisigino, nikabonyeza kitufe cha kushusha noti zote za kinanda nusu hatua, kisha nikakifungua tena kwa vidole. Mwalimu wa kwaya aligundua. Akaniambia kwa upole kwamba umefika wakati mama apumzike, na mimi ndiye nimwambie. Nilimjibu kwamba siku watu watakaposikia kosa, nitamwambia.

Jamani, nilichoka. Unakamua ng'ombe watatu alfajiri, unapeleka maziwa barabarani, unafika kanisani na matope kwenye soksi, kisha mguu mmoja unakesha ibada nzima ukilinda heshima ya mzazi. Kuna Jumapili nilimkasirikia mama, kana kwamba alishuka ili kunionea.

Siku moja, wakati wa sadaka, akaanza kushuka kama kawaida. Nilisikia. Mguu wangu ulikuwa umelala juu ya pedali, umeisukuma hadi mwisho, nami sikuurudisha. Kinanda kikabaki juu, mama chini, na spika mbili zikalitangazia kanisa zima. Watu waliokuwa kwenye foleni ya sadaka waligeuka. Mama akanyamaza katikati ya mstari, kwaya ikamalizia wimbo bila yeye.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya mwalimu kichwani. Sikuyahitaji. Tulipofika langoni mama alinikabidhi joho lake la kwaya, likiwa limekunjwa vizuri, akasema nilirudishe, apewe mwingine.

"Nimejua siku mingi vile unanifuata," alisema. "Nilikuwa naskia kinanda ikinyamaza. Sasa wacha nikuulize. Leo umeniacha makusudi?"

Nikamwambia nilikuwa nimechoka. Akaitikia kwa kichwa, akaingia kwenda kuwasha moto wa chai. Na kweli nilikuwa nimechoka, lakini hilo silo aliloniuliza.