Nyama ya Ndege

Juzi, kwenye duka la nyama ya barafu hapa mtaani Kasuku, mama mumoja alikataa kulipa kabla ya kunusa. Bei ilikuwa imepanda tena, maana nyama hiyo inakuja na ndege.

"Mama, hii ni barafu. Utanusa nini?" muuzaji akacheka.

"Bwana yangu ni mugonjwa. Anataka tu supu ya ng'ombe waliokuja na treni zamani, mbele ya vita kuanza."

Akanigeukia mimi niliyesimama nyuma yake. "Papa, nusa wewe, kama ni ile."

Mimi, mwenye pua inayojulikana mpaka Alunguli, ngambo ya mto, nikanusa kwa ufundi wote. Baridi tupu.

"Njo ile yenyewe, mama, ya treni."

Akalipa, akaifunga ndani ya kitenge, akaenda mbio. Musiniite muongo, wasomaji. Nilibaki pale nikinusa vidole vyangu, pengine harufu ile itakuja.