Mwaka Tulioshinda Vita Tukakosa Sanda

Naikumbuka mpaka leo siku niliyotumwa mjini Shinyanga kutafuta sanda ya babu yangu. Nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, tunakaa upande wa Ibadakuli, na vita vya Kagera vilikuwa vimeisha. Tulishinda, mwanangu, na asikudanganye mtu. Tulicheza ngoma mpaka vumbi likatufanya wote tufanane. Mimi ndiye niliyekuwa mwimbishaji. Sauti nilikuwa nayo wakati ule, siyo hii iliyoliwa na vumbi la mawe.

Basi babu akafariki. Nikaazima baiskeli ya jirani, tairi la nyuma limeshindiliwa majani kwa kukosa mpira, nikaenda nayo inagonga gonga mpaka duka la ushirika. Rafu nyeupe, hazina kitu. Muuzaji akanipa pole, akasema sanda hakuna, kaniki hakuna, hata sabuni ya kumwoshea marehemu hakuna, labda nikaombe kibali ofisini. Ofisini nikaambiwa kibali kipo, kitambaa ndicho hakipo.

Utaniuliza, si mngemfunga kwenye shuka? Shuka gani? Zilizokuwepo tulikuwa tumezivaa. Bibi yangu alikuwa na kanga moja tu. Akiifua, anakaa ndani mpaka ikauke.

Nikarudi mikono mitupu. Bibi alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake. Nikamweleza, akawaambia wanaume wachinje maksai mmoja, mumewe afungwe kwenye ngozi kama walivyozikwa wazee wa zamani.

Hakuna mwanaume aliyeinuka kwenda zizini. Sikiliza nikueleze kwa nini. Zizi letu lilikuwa kubwa siku za nyuma. Ng'ombe wengine tuliwatoa kulisha askari, na tuliwatoa kwa moyo, hatukulazimishwa. Wengine tukauza kutafutia chumvi na dawa. Walibaki maksai wawili wa kulimia. Na plau, kama hujui, huvutwa na jozi. Ukichinja mmoja, yule wa pili ni nyama inayotembea, na mvua zilikuwa zimekaribia.

Nikainama nikamnong'oneza, "Bibi, tutalima na nini?"

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi zetu wanavyotuita sisi wajukuu, na utani wetu haufi hata msibani, "si wewe uliyetuimbisha kwamba tumeshinda? Nenda basi kamlete huyo ushindi, tumfunge plau."

Wanawake wakaficha vinywa kwa mikono. Mimi nilitamani kuingia chini kabla ya babu. Kisha akanivuta sikio karibu, akasema polepole, mimi peke yangu nisikie: "Na huko tulikoshinda kuna bibi kama mimi, anatafuta sanda saa hizi. Huenda yeye hata ng'ombe hana."

Babu tukamzika na ngozi. Mwaka ule tulilima kwa jembe la mkono, kieneo cha kulisha kuku. Pamba hatukupanda kabisa. Ndipo nikaja huku Geita kuchimba dhahabu, na kila unachokiona hapa kwangu Katoro, tofali hadi bati, nimekitoa chini ya ardhi kwa mikono hii. Lakini yale matuta ya baba na babu sikuyarudia tena. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliopinduliwa na plau, na ng'ombe wanaitwa majina yao alfajiri, moyo unarudi Ibadakuli wenyewe.

Sasa nawasikia vijana wa bodaboda wanabishana na simu mkononi kuhusu zile nchi mbili zinazopakana, mwaka wa ngapi sasa zinapigana. Huyu ana ndege, yule ana makombora, kama wanabishania mpira. Wapo na wafanyabiashara wanaoomba vita viendelee ili dhahabu izidi kupanda. Na wewe, mwanangu, juzi ukaniuliza nani atashinda.

Shule niliishia darasa la nne, lakini hili nitakujibu. Vita vyetu havikuwa virefu, tulikuwa na haki, na tukashinda. Bado tulizikana na ngozi. Wasomi wanasema uhaba ule uliletwa na ukame pia, na bei ya mafuta. Sawa, sibishi. Ila ng'ombe waliokwenda kwa askari niliwaswaga mimi mwenyewe, nawajua kwa majina. Sasa vita vya kuvutana mwaka hadi mwaka vitaacha nini? Wataishia mezani, wamechoka wote, mpaka uko palepale au umesogea kilima kimoja. Atakayeitwa mshindi atahutubia watu wasio na shati. Na bado watakuwa majirani, maana nchi haihami.

Kwa hiyo usishangilie, mwanangu. Nchi yako ikivamiwa, ilinde, hata mimi ningekwenda. Lakini ukimaliza kuilinda, uwe wa kwanza kutaka watu wakae wazungumze, hata wakikuita mwoga. Na akija mtu aliyekimbia huko, usimwulize yuko upande gani. Mpe maji, mpe pa kukaa.

Mungu akupe jozi kamili ya kulimia na mvua ya wakati wake. Akuzeeshe kati ya majirani unaosalimiana nao. Na siku yako ikifika, wajukuu zako waende dukani waikute sanda, nyeupe, mpya, wachague wenyewe.